Jirani yangu na lile dirisha la kadi

Najua nimepotea. UE zilikuja mfululizo, bumu likachelewa, halafu nikakimbilia nyumbani Singida kula ugali wa mtama na kuku wa kienyeji. Nimerudi chuoni Dodoma jana usiku, na badala ya kulala nimekaa naandika. Hili limenikaa kooni wiki ya tatu sasa.

Nina rafiki niliyekua naye. Nitamwita Jirani, maana nyumba zetu zimetenganishwa na ua wa minyaa tu, na ndivyo tunavyoitana toka utotoni. Kwao waliandikisha mtoto wa kiume. Yeye toka zamani anajijua ni mwanamke. Aliniambia tukiwa kidato cha nne, tumekaa juu ya mawe pale Ziwa Kindai, nami nikacheka. Nilidhani utani. Hakunigusia tena kwa miaka mitano, na sio siri, nilishukuru.

Siku ya tatu ya likizo akanipigia simu: "Jirani, wewe si unasoma unesi? Njoo uone mguu wangu."

Nikapita uani. Mguu wa kushoto ulikuwa umevimba toka gotini mpaka kwenye kifundo, wa moto, ukiugusa anakunja uso. Nikamuuliza kagonga wapi. Hajagonga popote. Anatumia dawa gani? Kimya. Baadaye akaingiza mkono chini ya godoro akatoa pakiti: vidonge vya uzazi wa mpango. Alikuwa anameza vinne kwa siku, mwezi wa saba huo. Duka la dawa alikuwa anasema ni vya dada yake.

Kwa mnaosoma kozi nyingine, ngoja nieleze. Vidonge vingi vya aina ile vina homoni iitwayo ethinilestradioli, ambayo huongeza uwezekano wa damu kuganda ndani ya mishipa. Kwa dozi ya kawaida hatari ni ndogo, ukizidisha inapanda. Donge likiganda mguuni linaweza kung'oka likaenda kwenye mapafu, na hapo mtu anaweza kufa ghafla. Ndiyo maana miongozo ya madaktari wa homoni haitaki watu kama Jirani wapewe hiyo. Wanapewa estradioli, na mwaka wa kwanza wanapimwa damu kila baada ya miezi mitatu hivi. Yaani njia salama inajulikana. Anachokosa Jirani ni mtu wa kumpima.

Nikamwambia twende hospitali sasa hivi. Akakataa. Nilidhani anaogopa polisi, kumbe anaogopa dirisha. "Pale kwenye kadi wataita jina langu kwa sauti."

Mnakumbuka Februari 2017, serikali ilipozuia vituo 40 kutoa huduma za VVU kwa makundi maalumu, kwa madai kwamba vinahamasisha ushoga? Sisi tulikuwa watoto wa shule. Jirani hakuwahi kukanyaga kituo chochote, lakini alisikia watu wazima wanavyoongea, akajifunza kunyamaza.

Nikambembeleza mpaka jioni. Tukaenda hospitali moja ya serikali hapo mkoani, yeye amejifunga kitenge. Na kweli, dirishani jina likaitwa, majina yote matatu ya kiume. Akasimama. Benchi zima likageuka. Karani akatazama kadi, akamtazama yeye, akauliza kwa sauti kadi ni ya nani, halafu akamwita mwenzake aje aone. Watu wakacheka.

Na mimi? Nilitoa simu nikajifanya nasoma meseji. Nimekula kiapo cha kuwahudumia watu, nikajificha nyuma ya simu.

Chumbani kwa daktari, mama wa makamo, swali likaja: unatumia dawa yoyote? Jirani akajibu hapana. Moyo ukanipasuka. Nikisema, nimemsaliti. Nisiposema, atatibiwa kwa kubahatisha. Nikafungua mdomo, nikafunga. Yule mama akaweka kalamu chini. "Mwanangu, ya humu hayatoki. Kwanza nikuite nani?"

Jirani akamtajia jina lake, lile analojiita mwenyewe. Hata mimi nilikuwa nalisikia kwa mara ya kwanza. Halafu akasema na vidonge.

Ultrasaundi ikaonyesha donge kwenye paja. Akaanzishiwa dawa za kuzuia damu isigande, akalazwa siku nne. Siku ya kutoka daktari akamwambia vile vidonge basi, asiviguse tena. Jirani akauliza, "Sasa nitameza nini?" Kimya kirefu. Moyo ukisumbua, karatasi ya rufaa inajulikana inaenda wapi. Kwa hili, yule mama alisema hajui aandike nini wala kwenda wapi.

Usiku ule nikasoma habari za Audrey Mbugua wa Kenya, binti aliyepata A- kwenye mtihani wa kidato cha nne huku cheti kikiwa na jina la kiume. Hospitali ya umma ya Mathari, Nairobi, ilimpa jibu la kitabibu, lakini ilibidi aende mpaka Mahakama Kuu, ambayo Oktoba 2014 iliamuru cheti kibadilishwe jina. Shirika la Afya Duniani nalo, kwenye orodha mpya ya magonjwa inayotumika toka Januari 2022, limeitoa hali hii kwenye fungu la magonjwa ya akili. Kwenye chati za shule nilizosoma mimi, haimo kabisa.

Halafu lugha yetu wenyewe! Kiswahili kinamwita kila mtu "yeye", hakiulizi ME wala KE. Fomu ndiyo inayouliza.

Jirani anaendelea vizuri, mguu umepungua. Amesoma haya kabla sijayaweka, akafuta mistari miwili, mingine akaniruhusu. Jana stendi, nikipanda basi la Dodoma, nilimwita kwa jina lake, kwa sauti ya kawaida tu. Wauza mafuta ya alizeti hata hawakugeuka. Yeye aligeuka.

Haya, kesho nina wodi saa moja asubuhi. Usiku mwema.