Mpaka wa Mulamula: Safari ya Bukoba na Muleba

Mwezi huu tunawaalika mfuatane nasi hadi Bukoba na Muleba, mkoani Kagera. Tulikwenda wanawake kumi na wanne wa madhehebu mawili. Wengi wetu tulizaliwa baada ya vita vya Kagera, na watatu walikuwa wazee wetu waliovishuhudia. Tulikwenda na swali ambalo kila mama huliuliza redio inapotangaza mapigano ya Kongo au Sudani: kwa nini wanadamu hawachoki kupigana? Mtume Yakobo alikwisha kuliuliza katika sura ya nne ya waraka wake, akalijibu kwa kutaja tamaa. Tulitaka kuona jinsi tamaa hiyo inavyotembea juu ya ardhi yenyewe.

Bukoba ni mji mzuri. Ziwa liko mbele, kisiwa cha Musira kimekaa majini kama kofia, na nyuma vipo vilima vya mawe vilivyovaa migomba. Mgeni hawezi kuhisi kwamba mji huu umekwisha kupigwa mara tatu. Ulianza mwaka 1890, Emin Pasha, aliyekuwa akiitumikia Ujerumani, alipojenga kituo hapa ufukweni. Mwaka huohuo, mbali sana huko Ulaya, Waingereza na Wajerumani walitia saini mkataba wa kugawana nchi zetu. Magharibi ya ziwa walichora mstari ulionyooka, digrii moja kusini mwa Ikweta. Aliyechora hakuuliza mto unapita wapi wala ukoo gani unalima wapi. Mto Kagera ukawa kusini ya mstari, na katikati kikabaki kipande cha nchi cha kilomita za mraba zipatazo 1,800, chenye watu, ng'ombe na makaburi ya mababu. Basi mji na mpaka ni mapacha, kama mtu akipenda kusema hivyo.

Mara ya kwanza ilikuwa Juni 1915. Waingereza walivuka ziwa kwa meli kutoka Kisumu, wakapigana na Wajerumani siku mbili, wakabomoa kituo cha simu za upepo, na askari wakapora mji. Ugomvi ulikuwa wa Ulaya. Nyumba zilizoporwa zilikuwa Bukoba.

Mara ya pili ni Septemba 1972, na hapa yafaa tuseme wazi, ingawa si kila Mtanzania hupenda kuyasikia haya. Idi Amin alikuwa amempindua Milton Obote mwaka 1971, na Obote akapokelewa nchini kwetu. Wafuasi wake wenye silaha wakavuka mpaka kutoka upande wetu kwenda kumwondoa Amin, wakashindwa. Ndege za Uganda zikalipiga mabomu Bukoba na Mwanza. Kweli Amin alikuwa akiwaua watu wake, na kumpokea mkimbizi ni wema. Lakini jirani aliona panga likitokea kwenye ua wetu. Oktoba mwaka huo nchi mbili zilipatanishwa Mogadishu, na majeshi yakakubali kukaa kilomita kumi mbali na mpaka. Sisi wauguzi twaijua kazi ya namna hiyo. Ni kushona kidonda kabla ya kukisafisha. Ngozi hufunga vizuri, mgonjwa hurudi nyumbani akishukuru, na usaha unaendelea kutunga ndani.

Usaha ulipasuka baada ya miaka sita. Mwaka 1978 jeshi la Amin lilikuwa limegawanyika na askari wake wengine walikuwa wakiasi. Mtawala mwenye moto nyumbani kwake alitafuta mahali pa kuutupia. Mwishoni mwa Oktoba askari wake walivuka, na Novemba mosi akatangaza kwamba nchi yote hadi Mto Kagera ni ya Uganda. Daraja la Kyaka likavunjwa. Watu walichinjwa, wanawake wakatendewa unyama, ng'ombe na mabati yakabebwa, kiwanda cha sukari kikaporwa. Raia waliouawa wanakadiriwa kuwa 1,500. Ndege zikarudi tena juu ya Bukoba, na hiyo ndiyo mara ya tatu.

Mmoja wa wazee wetu alitusimulia tukiwa tumekaa ufukweni. Novemba ni mwezi wa senene, na watoto walikuwa wakizoea kutazama juu kwa furaha. "Mwaka ule," alisema, "mtoto akitazama juu, mama anamvuta chini ya migomba." Alikimbia na mtoto mgongoni na sufuria kichwani, akielekea Muleba kwa miguu. Tulimwuliza kwa nini sufuria. Akacheka: "Wanangu, ilikuwa na ndizi zimeiva. Ningeziachaje?"

Siku zile Askofu wa Walutheri hapa alikuwa Josiah Kibira, ambaye tangu 1977 hadi 1984 alikuwa pia Rais wa Shirikisho la Walutheri Duniani. Tuliona ni jambo la kufikirisha: kiongozi wa Wakristo wa mataifa mengi, na mji wake mwenyewe watu wanalala vichakani.

Vita hivyo ndivyo vilivyoupa mkoa jina lake la sasa, kwa maana kabla ya 1979 uliitwa Ziwa Magharibi. Katika mji wa Bukoba upo uwanja wa Mayunga, wenye jina la kamanda Silas Mayunga, ambaye askari walimwita Mti Mkavu. Vijana hukutana pale kwa mikutano na sherehe.

Kutoka Bukoba tulishika barabara ya kusini, tukapita Kemondo penye bandari, hadi Kaboya katika Wilaya ya Muleba. Hapo ndipo walipozikwa askari wetu waliokufa vitani. Tulikuwa tumeomba ruhusa mapema, nasi tukapokelewa vizuri. Makaburi yamepangwa kwa mistari, na upo mnara mweupe wenye majina. Majina hayo ni ya nchi nzima. Unasoma jina la Kikurya, la Kimakonde, la Kinyakyusa, la Kiislamu na la Kikristo. Wengi walikuwa vijana wa umri wa watoto wetu walioko sekondari na vyuoni. Mwenzetu mmoja alikuja akitafuta jina la mjomba wake, kaka wa mama yake, ambaye nyumbani hawakupata kuona kaburi lake. Alilikuta. Akaweka kiganja juu ya jina, akasimama hivyo muda mrefu, nasi tukasimama naye. Hakuna aliyeimba.

Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Amin alikimbia, akafa Jeddah mwaka 2003. Lakini Uganda haikupata amani kwa kuondoka kwake. Ilipigana yenyewe kwa yenyewe miaka mingi baadaye. Nasi tuliambiwa tufunge mikanda miezi 18, na mikanda ile haikulegea kwa miaka mingi. Mama zetu walipanga foleni za sabuni na sukari, na wauguzi waliotutangulia walijua maana ya zahanati isiyo na dawa.

Lipo jambo jingine, na ndilo lililotugawanya ndani ya gari. Jeshi letu lilipoingia Uganda, Januari 1979, mji mdogo wa Mutukula ulisawazishwa na ardhi, na raia wakauawa. Mwalimu Nyerere alipopata habari alihuzunika akaamuru raia wasiguswe. Hata hivyo mwezi Februari miji ya Masaka na Mbarara ilibomolewa kwa baruti, kulipiza yaliyotendeka Kagera. Haya yameandikwa na Tony Avirgan na Martha Honey, waliofuatana na jeshi letu, na wazee wa Bukoba hawayakatai. Baadhi yetu walisema hayapaswi kutajwa mbele ya makaburi. Mwenzetu wa mjomba alisema kwa ukali, "Mnataka nimzike mara ya pili?" Tulinyamaza hadi tulipofika kijijini tulikoalikwa chakula.

Huko Muleba, akina mama, ndiko tulikopata somo ambalo hatukulifuata. Kibanja cha Mhaya hakina ukuta. Migomba, mibuni na maharage hukaa pamoja kuzunguka nyumba, na mahali kibanja kinapokwisha hupandwa mulamula, ule mmea wa majani marefu ambao haufi upesi hata ukikatwa. Jina lake linafanana na kitenzi cha Kihaya cha kuamua ugomvi, okulamula. Wenyeji wetu walikuwa wametoka kwenye kesi ya mpaka siku ileile. Wametukaribisha, wametupa kahawa ya kutafuna, na mazungumzo yote yakawa ni mulamula.

Mzee mmoja alitueleza jinsi inavyokwenda. Mtu hachukui kibanja cha jirani kwa siku moja. Anaanza na mche mmoja. Usiku anaung'oa, anausogeza hatua mbili, kisha anakaa kimya mwaka mzima. Jirani akiona na kunyamaza, mwaka wa pili husogezwa miche mitatu. Ndipo huja panga. Sisi tunaofanya kazi za tiba tumeyashona majeraha hayo: bega, kiganja, kichwa. Tukimwuliza mgonjwa sababu, hutaja hatua mbili za ardhi.

"Na nani huamua?" tuliuliza.

"Waitu, ni wale waliokuwapo ulipopandwa," alisema mzee. "Wanasimama shambani, wanasema: ulikuwa hapa. Hata kama aliyeusogeza ni ndugu yao. Asiyeweza kusema hivyo, tunamwambia abaki nyumbani."

Tulitazamana. Mwaka 1964 viongozi wa Afrika walikubaliana Cairo kwamba mipaka ya wakoloni iheshimiwe ilivyo. Amin alipousogeza mulamula mwaka 1978, Nyerere aliutaka Umoja wa Nchi Huru za Afrika umlaumu aliyevamia. Umoja ukataka pande zote mbili ziache mapigano na kupatana. Majirani walikuwapo shambani, wakakataa kusema mche ulikuwa wapi. Kwa maoni yetu hapo ndipo suluhu ilipokufa, kabla hata majeshi yetu hayajavuka.

Wake mnaosoma, mnamkumbuka Ahabu katika kitabu cha kwanza cha Wafalme, alivyotamani shamba la mizabibu la Nabothi, akalala kitandani na kukataa kula. Mara nyingi tunamlaumu Ahabu tukamsahau mkewe. Yezebeli ndiye aliyeandika barua na kutafuta mashahidi wa uongo. Mume akirudi amenuna kwa sababu ya jirani, neno la kwanza analolisikia ni letu. Yupo pia Abigaili, aliyepakia mikate juu ya punda na kwenda kumzuia Daudi asimwage damu. Naye hakumsifu mumewe ili kuokoa heshima ya nyumba. Alisema wazi kwamba Nabali amekosa.

Lakini hebu tusichanganye amani na kimya. Wanawake wa hapa walinyamazishwa muda mrefu kwa jina la amani ya ukoo. Kulikuwa na mwanamke wa hapahapa Kagera, Holaria Pastory, aliyerithi ardhi kwa baba yake kisha akaiuza kwa mtu asiye wa ukoo. Ndugu yake wa ukoo, Bernardo Ephrahim, akamshitaki, kwa kuwa mila iliyoandikwa mwaka 1963 ilimkataza mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Kesi ilipanda hadi Mahakama Kuu ya Mwanza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akaamua kwamba mwanamke ana haki ileile aliyo nayo mwanamume. Yapo waliosema hukumu hiyo italeta vita katika koo. Sisi tunaona kwamba vita vilikuwamo tayari, ila vilikuwa vya upande mmoja.

Siku hizi Baraza la Ardhi la Kata huwa na wajumbe wanne hadi wanane, na watatu kati yao lazima wawe wanawake. Tangu 2021 baraza halitoi tena hukumu, linasuluhisha tu. Mama mwenyeji wetu ni mjumbe. Tulimwuliza lipi ni gumu zaidi. Hakusema uchache wa posho wala matusi. Alisema, "Kumwambia mtu wa kwetu kwamba amekosa, halafu Jumapili tukae benchi moja."

Tulirudi Bukoba usiku, na ndani ya gari neno la Masaka likarudi. Kutoka Bukoba kwenda Masaka ni safari ya basi ya siku moja, kupitia Mutukula, ambako tangu 2017 kipo kituo cha pamoja cha mpakani na wafanyabiashara wa nchi mbili hupanga foleni moja. Akina mama wa huko ni Wakristo kama sisi, na wapo waliokuwa watoto Februari ile ya 1979. Tukakubaliana, si kwa urahisi, kuwaandikia na kuomba tukawatembelee. Tuliandika yaliyotupata Kagera. Tukaandika pia kwamba tunajua yaliyowapata wao kwa mikono ya watu wetu, na kwamba tungependa kuyasikia kutoka kwao.

Mwenzetu wa mjomba alikataa kuitia saini siku ya kwanza. Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, aliiomba barua, akaisoma yote akiwa amesimama, kisha akauliza kama kuna nafasi chini. Aliandika jina la mjomba wake, akaandika kwamba amezikwa Kaboya, ndipo akatia saini. Barua imekwenda na basi la Jumanne. Hadi tunapoandika makala haya, jibu halijafika.