Mstari Upandao Ghafula

Waalimu wenzangu wafundishao kemia wajua ya kuwa wanafunzi hulishika upesi tendo lenyewe la kupima tindikali kwa alkali. Hufungua bureti, hutia tone kwa tone, na rangi ikigeuka hufunga. Lakini ukiwaambia wachore mstari wa pH, hapo nyuso hubadilika. Nami naona shida yao si hesabu. Hawajaelezwa kwa nini mstari ule hulala kitambo kirefu, kisha husimama wima kama ukuta.

Twaa 25 cm³ za tindikali ya haidrokloriki ya nguvu ya 0.1 M, utie sodiamu haidroksaidi ya nguvu iyo hiyo. Mwanzo pH ni 1. Ukiisha kutia 20 cm³ kamili, haijafika 2 bado, na mwanafunzi hudhani alkali yake imeharibika. Yataka karibu 20.5 cm³ kufika 2. Kisha 4 tu zaidi kufika 3. Na toka 3 hata 4 haitimii nusu ya cm³. Ndipo kati ya 24.9 na 25.1, yaani matone kama manne, pH huruka toka 3.7 hata 10.3.

Sababu ni kipimo chenyewe. Sørensen alipokitunga mwaka 1909 katika maabara ya Carlsberg, mjini Copenhagen, alikifanya cha makumi: kila hatua moja juu ni ioni za haidrojeni kupungua mara kumi. (Maabara ile ilikuwa ya kiwanda cha pombe, neno ambalo silitaji mbele ya wazee wa kanisa.) Mimi hufananisha na ghala ya mahindi. Yakiwamo magunia mia, ukitoa kumi hakuna ajuaye. Yakibaki mawili, ukatoa moja, nyumba nzima husema.

Lakini linisumbualo hasa ni siki. Tindikali yake ni dhaifu. Kwa vipimo vile vile, mstari waanza karibu na 2.9, wapita polepole kwenye 4.8 katikati ya safari, na tindikali ikiisha kabisa, pH si 7 bali 8.7. Maana chumvi iliyobaki hunyang'anya maji haidrojeni kidogo, na maji hubaki na ladha ya alkali. Naye mwanafunzi amekaririshwa tangu madarasa ya chini ya kuwa tindikali na alkali zikimalizana hubaki chumvi na maji, na kipimo chake ni saba. Sasa aona 8.7 kwa macho yake. Afanyeje?

Nimeyaona madaftari. Msichana mmoja wa kidato cha tatu, mwenye mkono safi sana, alikuwa ameandika 7.0, na chini ya karatasi iliyokwanguliwa 8.6 ilisomeka bado. Nilipomwuliza, alijibu kwa adabu, "Niliona nimekosea, Mwalimu, kwa kuwa saba ndiyo sawa." Alikuwa amepima vema, akajihukumu mwenyewe. Kwa hiyo sikubaliani na wasemao kwamba sentensi ile ya saba ni rahisi, haina madhara. Ni kweli kwa tindikali kali na alkali kali tu, na iambiwe hivyo tangu siku ya kwanza.

Hata uteuzi wa rangi hutegemea jambo hili. Kwa haidrokloriki, ukuta ni mrefu, hata fenolfthalini na methili oranji zote mbili hugeuka ndani yake. Kwa siki, methili oranji huwa imekwisha kugeuka pH ifikapo 4.4, nayo hapo theluthi ya tindikali haijaisha! Mnunuzi atakayeipima siki kwa rangi hiyo atamwambia mwuzaji kwamba ameitia maji, na mwuzaji hana hatia. Fenolfthalini, igeukayo kati ya 8.3 na 10, ndiyo ifaayo.

Yule msichana alirudia kipimo juma lililofuata, akitia matone madogo alipokaribia 25. Ukuta wake ulikuwa mfupi kuliko ule wa haidrokloriki, nao ulipita mahali pake. Pembeni aliandika swali: je, amonia ikitiwa tindikali kali, mstari utamalizika chini ya saba? Nilimpa chupa ya amonia na bureti safi.