Nilikuwa hewani kwa kila mtu, isipokuwa mama

Leo sina ubuyu wa mtu. Ubuyu wa leo ni wa kwangu mwenyewe, na naumwaga hapa kwa sababu naona wengi mnajiandaa na safari za Dubai na China, mnaulizana habari za eSIM. Mi nimeshaitumia. Ilifanya kazi vizuri kabisa, na bado ilinitoa machozi.

Nina duka la nguo na viatu hapa Babati mjini, si mbali na stendi. Miaka yote nilikuwa nachukua mzigo Arusha na Kariakoo. Oktoba mwaka juzi nikasema basi, safari hii naenda Guangzhou mwenyewe, nikaone huko vinakotoka.

Sikuogopa ndege. Niliogopa mtandao. Dada mmoja mzoefu wa njia hiyo alinitisha mapema: "Mdogo wangu, ukinunua laini ya kule WhatsApp hupati, Google hupati, Instagram hupati. Sasa wateja wako utawatumiaje picha za mzigo?" Ukweli ndio huo, China hivyo vitu vimefungwa. Akaniambia dawa ni eSIM ya wasafiri. Unainunua ukiwa bado nyumbani, na kwa kuwa ni laini ya nje iliyo ugenini, data yako inapitia kwanza mtandao wa nchi nyingine ndiyo inaingia intaneti. WhatsApp inafunguka kama uko Babati.

Kwa wasiojua, eSIM ni laini isiyo na kadi. Chipu yake imo ndani ya simu tangu kiwandani. Unalipia kifurushi mtandaoni, unatumiwa picha ya QR, unaiskani, laini inaingia.

Hapo nikakutana na aibu ya kwanza. Simu yangu, ambayo nilikuwa naringa nayo mjini hapa, haikuwa na eSIM. Kumbe ilitengenezwa kwa ajili ya soko la China, na iPhone nyingi za soko hilo zina nafasi mbili za kadi, eSIM hakuna. Wewe usisubiri kuaibika. Piga *#06#. Ukiona namba ndefu iliyoandikwa EID, simu yako inayo. Mi nilibadilishana simu na binamu yangu, nikamwongezea na hela juu.

Nikanunua GB 5, nikaiweka kwa waifai ya nyumbani kabla ya kuondoka. Na kwa kuwa nilisikia kuna watu walirudi safari na deni la rominga, yaani kutumia laini ya nyumbani ukiwa nje ya nchi, nikafanya nililoona ni la kijanja: nikaizima kabisa laini yangu ya Tanzania. Nikajiambia, si nina WhatsApp?

Guangzhou nilifika kama malkia. Wenzangu wawili kutoka nchi jirani walikuwa wamenunua laini za pale pale, wanahangaika, simu zao kimya. Mi nawarushia hotispoti huku natembea. Nikaweka picha kila mahali: sokoni, hotelini, kwenye lifti. "China tumeingia, oda zipokelewe." Namba ya duka iko hapo chini, jina langu liko hapo juu, kila mtu anaona.

Kila mtu, isipokuwa mama.

Mama yangu anaishi Gallapo. Ana kitochi, na hataki simu nyingine. WhatsApp kwake ni kitu cha wajukuu. Mi nilipanga salamu zitapitia kwa mpwa wangu anayekaa naye. Kumbe mpwa wangu bando lilimwishia siku ile ile niliyopaa, na mi sikufikiria hilo hata kidogo.

Siku ya tatu, saa mbili asubuhi ya huku nyumbani, kule kwangu saa saba mchana, mama akapigiwa simu na mwanaume mwenye sauti ya upole. Alimtajia jina langu, na kazi yangu, na kwamba niko China. Akasema mimi nimezuiwa uwanja wa ndege na mzigo, simu yangu wamechukua, inatakiwa laki nne kabla ya jioni la sivyo nalala ndani.

Mama si mjinga, jamani. Msimcheke. Alimjibu, "Ngoja nimpigie mwanangu kwanza." Akanipigia. Ile sauti ya dada wa mtandao ikamjibu kwamba namba anayopiga haipatikani. Akapiga tena. Haipatikani. Mara ya tatu, haipatikani.

Ndiyo kitu ambacho mpaka leo kinanikaa kooni. Yule tapeli hakuwa na ushahidi wowote. Ushahidi nilimpa mimi, kwa kuzima laini.

Mama alikuwa na mbaazi ndani. Tangu ule mwaka 2017 India ilipoweka kikomo cha kununua na bei ikaanguka, amejifunza kuzishika mpaka soko litulie. Asubuhi ile hakusubiri soko. Alimwita mnunuzi wa jirani, akauza magunia kwa bei ya kulia, akaongezea na akiba ya kikoba, akatembea mpaka kwa wakala akatuma laki nne. Mpaka jioni mtaa mzima ulishajua nimekamatwa. Wengine walishataja na nilichokamatwa nacho.

Mi nilijua usiku. Mpwa wangu alipata bando la kuazima, meseji yake ya kwanza ikawa: "Shangazi, umeachiwa?"

Nikamjibu, "Nimeachiwa nini?"

Aliponieleza niliwasha laini yangu ya nyumbani mikono inatetemeka. Ikasaka mtandao kama dakika mbili, ikashika, nikampigia mama bila kuuliza gharama. Nilitegemea atalia au atanigombeza. Akaniuliza kama nimekula. Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi. Hela hutafutwa, mwanangu." Nililia mimi.

Tuliripoti kituoni, lakini hela ilishatolewa zamani. Mbaazi nilizilipa mimi kwa faida ya mzigo ule. Hamu ya mama ya kuuza kwa wakati wake sikuweza kumlipa.

Kwa hiyo ukiniuliza kama eSIM ni nzuri, nasema ni nzuri, inunue. Ila nyingi za wasafiri ni za data tu, hazina namba ya kupigiwa, na mwenye kitochi hawezi kukupata kwa hiyo. Laini yako ya nyumbani usiizime. Iache iwake, zima data yake tu, na data uipeleke kwenye eSIM. Kabla hujaondoka waulize mtandao wako kama laini itashika huko uendako na kupokea simu ni shilingi ngapi. Na hata namba za siri za benki zinakuja kwa meseji kwenye laini hiyo hiyo, ukiizima unajifungia nje. Matapeli wa "ile hela tuma namba hii" waripoti 15040.

La mwisho, kaa na wazee wako mpange swali moja ambalo mgeni hawezi kulijibu. Sisi letu tunalo, na hapa silisemi.

Mwaka jana nilirudi Guangzhou. Laini mbili ziko hewani. Siku ya pili usiku mnene simu ikaita, mama, moyo ukaruka. Nikapokea.

"Nilikuwa najaribu tu," akasema. "Huko mbaazi wanakula?"

Dakika ile ilinigharimu, na niliilipa kwa raha. Haya wadau, semeni na nyie: kwenu nani hana WhatsApp, na ukiwa safarini anakupataje?