Bloomsbury: Mtaa wa Vyuo na Mwanafunzi Mwenye Haya



Kila ukaribiapo mwisho wa Septemba, vyuo vikuu vya Uingereza hufungua milango yake, na katika nyumba zetu huwamo kijana anayefunga sanduku lake kwa mara ya kwanza. Dua na nasaha humwandama hadi mlangoni. Lakini yako mashaka yasiyosemwa: mtoto aliyelelewa kunyamaza mbele ya wakubwa ataishi vipi mahali ambapo anyamazaye hudhaniwa kuwa hajui? Natutembee pamoja katika mtaa mmoja wa London uitwao Bloomsbury, kwani hofu ya mahali hupungua pale panapojulikana.

Ashukaye Heathrow hupanda treni ya chini ya ardhi, njia ya Piccadilly, na bila ya kubadilisha hufika Russell Square. Kituo kiko chini sana, na abiria hupandishwa juu kwa lifti. Ukivuka bustani yenye jina hilo hilo utaona mnara mkubwa wa mawe meupe. Hiyo ni Senate House ya Chuo Kikuu cha London, iliyokamilika mwaka 1937. Humtisha mgeni kwa ukubwa wake, lakini sehemu kubwa ya jengo hilo ni maktaba, na vitabu havimcheki mtu.

Karibu na mnara huo ndipo ilipo SOAS, chuo cha taaluma za Asia na Afrika. Kilipata hati ya kifalme mwaka 1916 na kupokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1917, wakati huo kikiwa Finsbury Circus. Neno Afrika liliingia katika jina lake mwaka 1938, ingawa Kiswahili kilifundishwa hapo tangu miaka ya mwanzo, na miongoni mwa waliokifundisha alikuwa Bibi Alice Werner.

Mtihani wa kwanza wa mwenye haya ni wiki ya makaribisho. Meza za jumuiya za wanafunzi hupangwa, muziki hulia, na mengi ya mazungumzo huishia kwenye baa. Kijana wetu husimama ukutani, kisha hurudi chumbani akiamini kuwa wenzake wote wameshapata marafiki. Hawajapata. Wengi wao ni wageni kama yeye. Na aanze na meza mbili tu: ya jumuiya ya wanafunzi wa Kiislamu, na nyingine ya jambo alipendalo, uwe mpira au upigaji picha. Salamu yetu ina fadhila kubwa kwa mwenye haya: maneno yake ya kwanza yameshapangwa, na kuijibu ni wajibu.

Mtihani wa pili ni semina. Katika mhadhara mtu hujificha kati ya wengi. Katika semina wanafunzi wachache huketi kuzunguka meza, na mwalimu hutaka kusikia rai ya kila mmoja. Kwetu, kimya cha kijana ni heshima. Hapo, kimya hicho hicho husomeka kuwa hakufungua kitabu.

Hapa ndipo ipasapo kutenganisha haya na woga. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa haya ni tawi la imani. Lakini Bibi Aisha (R.A.) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kuuliza mambo ya dini yao, na Mujahid, mwanachuoni wa zama za mwanzo, alionya kuwa elimu haipatwi na mwenye kuona haya wala mwenye kiburi. Basi hatumtaki kijana abadilike awe mpiga domo. Tunamtaka aandike swali moja kabla ya semina, na alitoe mapema, kwani kila dakika ipitayo huzidisha uzito wa ulimi. Likimshinda, amwendee mwalimu ofisini katika saa alizotenga kuonana na wanafunzi. Huko ni watu wawili tu.

Maktaba ya SOAS, iliyochorwa na Denys Lasdun na kufunguliwa mwaka 1973, ina ushahidi mzuri wa jambo hili. Humo zimehifadhiwa karatasi za William Taylor, mmisionari aliyeishi Mombasa katika karne ya 19, zenye mashairi ya Muyaka bin Haji. Taylor hakuwa na njia ya kuyaelewa peke yake. Aliuliza, na Mwalimu Sikujua, mwana wa Mombasa, akamkusanyia na kumfafanulia. Muyaka alikuwa amekwisha kufariki mnamo mwaka 1840. Mengi ya maneno yake tunayo leo kwa sababu mmoja hakuona haya kuuliza, na wa pili hakuona uzito kujibu.

Mkabala na chuo, juu ya paa la jengo la Brunei Gallery, iko bustani ya Kijapani iliyotengenezwa mwaka 2001. Ni mahali pa utulivu. Mwenye haya huchoshwa na watu, na kupumzika ni haki yake, mradi pumziko lisigeuke kuwa maficho.

Kwa wazazi nina neno moja. Katika vyuo vingi vya Uingereza, mwaka wa kwanza ni lazima ufaulu, lakini maksi zake hazihesabiwi katika daraja ya shahada. Ni mwaka wa kujifunza njia. Basi simu ya jioni isianze na maksi. Muulizeni: leo umekaa na nani? Akijibu "sikukaa na mtu" wiki baada ya wiki, msimkaripie. Pandeni treni mkamtembelee, mle naye, na mumhimize amwone mkufunzi aliyewekwa kumwangalia. Wanaoacha masomo aghalabu hawaondoki kwa kishindo. Huacha mhadhara mmoja, kisha wa pili, na nyumbani hakuna ajuaye mpaka barua ifike.

Mwenyezi Mungu awafungulie watoto wetu vifua vyao na vifungo vya ndimi zao. Amin.

Wabillahi tawfiq.