Mafuta ya Giaboksi: Tuyaguse au Tuyaache?

Wiki hii naweka kando programu na seva ili nizungumzie mafuta. Si ya kupikia, bali yale mekundu yanayokaa ndani ya giaboksi ya gari la otomatiki. Mkivumilia mtaona kwamba sijaenda mbali sana na kazi yangu ya kila siku.

Swali lenyewe ni hili: gari la otomatiki ambalo hujui kama liliwahi kubadilishwa mafuta ya giaboksi, ulibadilishe au uliache lilivyo? Waulize mafundi wawili, utarudi nyumbani na majibu matatu.

Gari ninalozungumzia ni Toyota Corolla ya mwaka 2005, ile ambayo Kenya nzima huiita NZE. Sheria yetu hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, kwa hivyo mengi hutufikia yakiwa yameshaishi maisha mengine huko Japani, na historia yao imebaki huko huko. Hili letu lilipitia mikono ya watu wawili hapa nchini kabla mimi na dada yangu hatujachanga pesa na kulinunua. Mimi hulitumia katikati ya wiki. Yeye hulitumia siku za soko, kutoa nguo Gikomba na kuzileta Kitengela anakouza. Likilala gereji wiki mbili mimi nitapanda matatu tu, lakini yeye atapoteza wateja, na karo ya watoto wake hutoka kwenye hizo nguo. Nayo giaboksi ya mtumba kutoka Kirinyaga Road ingemeza kodi ya nyumba ya miezi kadhaa.

Basi gari likaanza tabia. Asubuhi ukiweka R, linafikiria kwanza. Nilipima kwa simu (ndiyo, nilipima!) nikapata kama sekunde mbili kabla ya kushika. Likipata joto, tatizo linapungua.

Mzee mmoja fundi, mtu ninayemheshimu sana, aliniambia, "Kijana wangu, hiyo giaboksi imeshazoea mafuta yake. Ukiyatoa, itakufa." Kijana wa gereji ya jirani naye akasema, "Mkubwa, leta tuyasukume yote nje kwa mashine. Nusu saa tu." Dada yangu alinisikiliza nikieleza haya yote, kisha akauliza, "Wewe ndiye uliyesomea kompyuta. Gari litaamka kesho au halitaamka?"

Wenzangu mnaoandika programu mmeshalitambua hili swali. Kila ofisi ina mfumo mmoja wa zamani ulioandikwa na mtu aliyekwisha kuondoka, hauna maelezo, na kila mtu anauzungukia kwa mbali. Sheria ni moja: kama inafanya kazi, usiiguse. Kisha siku moja inakataa kufanya kazi, na hakuna anayejua pa kuanzia.

Kwanza tuelewe mafuta haya yanafanya nini. Katika gari la gia za mkono, mafuta ya gia kazi yao kubwa ni kulainisha. Katika otomatiki yana kazi nyingi kwa pamoja. Yanapeleka nguvu ya injini kupitia konveta, lile boga la chuma lililo kati ya injini na giaboksi. Yanasukumwa na pampu kupitia vali ili yabane klachi na kubadilisha gia. Yanapoza, yanalainisha, na yanabeba uchafu. Tena lazima yawe na kiasi maalumu cha utelezi: yakiteleza mno klachi hazishiki, yakiteleza kidogo gia zinaingia kwa kishindo. Kuupata utelezi huo si rahisi. Hadi mapema miaka ya 1970 watengenezaji wa Marekani walitia mafuta ya nyangumi ili waupate, mpaka sheria za kulinda wanyama hao zikawalazimisha kutafuta kemikali nyingine.

Joto huyachosha mafuta hayo. Rangi nyekundu inakuwa kahawia, na vumbi la klachi linaelea ndani yake. Hapo ndipo ilipozaliwa ile imani ya mzee: kwamba klachi zilizolika zinashika kwa msaada wa lile vumbi, na ukilitoa zitateleza. Sikuipuuza, kwa sababu watu wengi wameona gari likifa wiki moja baada ya kubadilishwa mafuta. Lakini jiulize ni nani hukumbuka kubadilisha mafuta haya. Mara nyingi ni yule ambaye gari lake limeshaanza kuteleza. Hiyo giaboksi ilikuwa safarini kuelekea kaburini tayari, na mafuta mapya yakabebeshwa lawama.

Kwa hivyo hatua ya kwanza ni kupima mgonjwa. Chomoa dipstiki, futa mafuta kwenye karatasi nyeupe, tazama na unuse. Yetu yalikuwa kahawia iliyokolea, lakini hayakunuka kuungua. Gari halikuwa likiteleza mlimani, wala injini haikupiga kelele bila gari kwenda mbele. Kama ungekuta harufu ya kuungua na gari linateleza, mafuta mapya hayangekuwa tiba, na ningekushauri uweke pesa za giaboksi.

Hatua ya pili ni hesabu. Giaboksi yetu ina takriban lita 7 kwa jumla. Ukifungua bolti ya chini, kama lita 3 tu ndizo zinazotoka. Zilizobaki zimejificha kwenye konveta na mifereji. Wengi huona hiyo ni kasoro. Mimi niliona ni bahati. Ukimwaga na kujaza mara moja, mafuta mapya ni asilimia 43. Mara ya pili yanafika 67, mara ya tatu 81. Huwezi kufika 100 kwa njia hii, lakini hubadilishi kila kitu kwa siku moja. Kila mara unaendesha wiki mbili, unatazama, na ukiona dalili mbaya unasimama. Hivyo ndivyo tunavyobadilisha mfumo wa zamani ofisini: kipande kidogo, pima, kisha kingine. Nilimweleza dada hivyo, akakubali kwa sharti moja: isiwe karibu na siku ya soko.

Haya, kazi yenyewe:

1. Soma aina ya mafuta kwenye dipstiki au kitabu cha gari. Letu linataka Toyota Type T-IV. Usibadilishe na WS kwa sababu tu yote yana jina la Toyota. Si kitu kimoja.

2. Endesha dakika chache mafuta yapate uvuguvugu. Yakiwa moto kabisa yatakuchoma.

3. Egesha mahali tambarare, weka mawe kwenye magurudumu ya nyuma, inua kwa jeki kisha ukalishe gari juu ya stendi. Usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja.

4. Fungua bolti na kinga mafuta yote kwenye beseni. Yapime. Nilitumia chupa za soda za lita 2 nilizozichora alama, nikapata lita 2.9.

5. Badilisha washa, funga bolti bila kuikaza kwa hasira, kisha shusha gari. Kwa faneli yenye mpira mrefu, rudisha kiasi kile kile kupitia tundu la dipstiki. Kilichotoka ndicho kinachoingia.

6. Washa injini, kanyaga breki, pitisha mkono wa gia P mpaka L polepole na kurudi. Endesha kama dakika ishirini, kisha pima injini ikiwa inanguruma na gia iko P. Mafuta yafike kwenye alama ya HOT. Yakipungua pampu itavuta hewa, yakizidi yatatoa povu, na povu halibani klachi.

Mafuta yaliyotoka usiyamwage mtaroni wala usiyapake nguzo za ua kuzuia mchwa. Niliyapeleka kwenye kituo cha petroli kinachopokea oili chafu.

Mara ya pili nilimwomba yule mzee aje tufungue sampu, maana ndani kuna chujio na sumaku. Alikuja akitikisa kichwa. Tulipoishusha, sumaku zilikuwa zimejaa tope jeusi laini kama unga wa penseli. Alilisugua kati ya vidole kwa muda mrefu akitafuta vipande vya chuma. Hakupata. "Hii bado ina maisha," akasema, kisha akaosha sumaku mwenyewe bila kuniachia.

Sasa matokeo. Baada ya mara ya kwanza sikuona tofauti yoyote. Baada ya mara ya tatu, R ya asubuhi inashika chini ya sekunde moja. Ule mshtuko mdogo wa kutoka gia ya pili kwenda ya tatu bado upo, na sidhani utaondoka. Huo ni umri. Dada yangu hajakosa siku hata moja ya soko.

Onyo kabla sijamaliza. Msichukue vipimo hivi na kuvipeleka kwenye kila gari. Axio na Fielder nyingi kuanzia mwaka 2006 zina CVT, yenye mkanda wa chuma, nayo inataka mafuta yake maalumu. Ukitia haya mekundu utaua mkanda. Na magari mengi mapya hayana dipstiki. Kiwango hupimwa kwa bolti maalumu huku joto la mafuta likisomwa kwa mashine.

Kwangu mimi, mzee alikuwa na haki ya kuogopa, ila si mafuta mapya ndiyo ya kuogopwa. Cha kuogopwa ni kubadilisha kila kitu kwa pupa kwenye mashine ambayo hujaipima. Kuliacha vilevile nako ni uamuzi, na gharama yake huja siku usiyoichagua wewe, pengine alfajiri ya siku ya soko. Kesho asubuhi chomoa dipstiki yako uitazame. Kutazama hakujawahi kuua giaboksi.