Robota Lililorudi Ng'ambo

Sanaa haikai katika brashi peke yake. Huanza pale mtu anapoliona upya jambo ambalo wenzake wamelizoea hata hawalitazami tena.

Sisi watu wa Kericho na Bomet tumezoea safari mbili. Chai ya vilima vyetu hushuka Mombasa, huuzwa mnadani, kisha huvuka bahari. Nguo zilizochakaa ng'ambo nazo huvuka bahari kuja kwetu, zikafunguliwa sokoni. Neno mtumba lenyewe maana yake ni robota. Koti ninalovaa darasani ni la mtumba, wala sioni haya kusema hivyo.

Mwaka 2012 liliundwa Nairobi kundi la wasanii liitwalo The Nest Collective, linaloshughulika na filamu, mavazi, muziki na vitabu. Mwaka 2022 kundi hilo lilishiriki maonyesho ya sanaa ya documenta, mjini Kassel, Ujerumani. Katika bustani ya Karlsaue, mbele ya macho ya umma, lilijenga nyumba kwa marobota ya nguo kuukuu. Mtazamaji aliingia, akazungukwa na nguo pande zote, akatazama humo ndani filamu juu ya mitumba na taka zake. Kazi hiyo iliitwa Return to Sender, yaani irudishwe kwa aliyeituma.

Mwanafunzi mmoja wa ualimu, ambaye karo yake hutoka katika majani ya chai ya baba yake, aliniuliza kama hiyo ni kazi ya mtu mzima. Sikumwahidi utajiri. Nilimwambia kwamba mitumba hutuvika, na wachuuzi wengi hulisha watoto wao kwayo. Lakini mchuuzi hulinunua robota bila kuona ndani, na akikuta matambara, hasara ni yake. Jambo hilo likisemwa kwa hotuba, msikilizaji aweza kusinzia. Aliyesimama kati ya matambara hayo hana pa kugeuzia uso. Kumfikisha mtu hapo ni kazi, nayo yataka elimu ya kamera, ya ujenzi na ya biashara.

Vijana wasomaji, kamera na kompyuta ni vyombo tu, kama jembe lilivyo chombo. Kabla ya kuvitamani, tazameni kwanza yapitayo mlangoni penu kila siku, mkaulize yametoka wapi, na nani aliyeyatuma.