Besi ndani ya laptopu

Wanachuo wenzangu, bumu halinunui pedali za gitaa la besi; likishalipa chumba na msosi limeisha. Kwangu hapa Ifakara, laptopu ninayosomea anatomia ndiyo pedali. Gitaa linaingia kupitia kadi ya sauti ya USB, kisha Guitarix, programu ya bure, inatengeneza efekti.

Kasheshe ni sauti kuchelewa. Kwa kasi ya sampuli 48,000 kwa sekunde, bafa ya sampuli 1,024 peke yake inakula milisekunde 21 hivi. Mpiga dramu ameshapita. Nikishusha hadi 128 zinabaki chini ya 3, ila laptopu kuukuu inaanza kukwaruza.

Basi nimezima mwangwi na mbwembwe zote, nimebakiza kompresa. Jumapili kwaya inataka besi itue pamoja na dramu. Mwenye mashine nyonge kama yangu aanzie hapo.